Dagaa kwanza, mwanangu

Mwanangu,

Sisi wazima, bibi yako anakusalimu. Umeuliza ununue unga wa protini au fedha hiyo uimalizie kwenye chakula cha kawaida, maana kwenye mchezo wako wa kunyanyua vyuma unataka kutoka daraja la uzito wa kilo 74 uingie la 83. Mimi nina swali langu: siku ukizinyanyua hizo kilo zako, utasema nani amekulisha?

Usicheke. Umbo la baba yako unalijua, hakufika hata kilo 65. Kabla hujazaliwa, meli ya Liemba ikipakia saruji ya kupeleka bandari ya Kipili, makuli wenzake walimwekea dau kuwa hawezi kubeba mifuko mitatu kwa mpigo. Mfuko ni kilo 50. Wakambebesha, akaupanda ule ubao wa kuingilia melini huku unapinda, mimi nimefumba macho, akaitua ndani. Unajua walisemaje? Ana hirizi. Hirizi! Mimi niliyeamka saa kumi alfajiri nikasonga ugali wa muhogo, nikamuungia dagaa kwa mawese sahani nzima, nimesimama palepale na ndoo yangu ya vyombo, hakuna aliyenitazama. Na yeye akanyamaza. Alipenda kuogopwa, baba yako.

Ndiyo maana nilipoona ile video ya mnyanyua vyuma Mturuki, Naim Süleymanoğlu, kilo 190 kule Seoul mwaka 1988 naye yuko daraja la kilo 60, nilikuuliza alipikiwa na nani. Ukasema, “Mama bwana!” Najua ule si mchezo wenu, yeye aliinua juu ya kichwa, ninyi mnachuchumaa na chuma mabegani, mnakisukuma mkiwa mmelala benchi, mnaking'oa kutoka chini. Lakini mara tatu ya uzito wake, na zaidi! Jikoni kwao kulikuwa na mtu.

Dagaa kwanza. Wewe mwenyewe ulinitajia gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 74 inakuja kama gramu 118 kwa siku. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, basi gramu 200 na maharage kidogo zinakutosha. Kunenepa yaachie mawese: gramu ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4. Ugali wa muhogo utakushibisha, ila protini humo usiitafute.

Haya, gramu 200 kila siku ni nyingi, nakubali. Baba yako mwenyewe angegoma, na wenzako hapo mnapopanga watalalamikia harufu. Tena unga wenyewe unatokana na yale maji ya maziwa yanayobaki jibini likishaganda. Ni maziwa tu! Sasa kwa nini unga huo unanikera? Kwa sababu unakuja kwenye kopo lenye picha ya baunsa, na ukishinda watu watalitaja kopo.

Sitasema usinunue. Mshahara ni wako. Nilikuwa nimeshaliandika neno hapa, nimelifuta. Dagaa kwanza, mengine utajua mwenyewe.

Nimekununulia dagaa wa Kibirizi kabla ya mbalamwezi. Sasa wavuvi hawatoki na bei imepanda. Shangazi yako anapanda nao treni Alhamisi. Wachambue vizuri, wana mchanga, na umrudishie mfuko wake.

Mama yako