Dada, usiwaombe wateja wako ushuhuda

Futa huo ujumbe kabla hujautuma. Umeuliza picha gani uweke kwenye wasifu wako katika orodha ya wanasihi mtandaoni, bei uiandike au uiache, matatizo mangapi uyawekee alama kwamba unayashughulikia, halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, ukasema utawaomba wateja wako watatu wakuandikie ushuhuda. Hilo la mwisho ndilo lililonikurupusha.

Mimi nililifanya. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nisajiliwe, chumba nimekodi, simu hailii. Nikamlipa kijana wa masoko shilingi 15,000 anitengenezee wasifu. Akaniambia, "Ushuhuda ndio unaouza, hata saluni zangu zote nazipa ushuhuda." Hadi leo nina hasira naye. Aliyesukwa akapendeza anataka watu wajue ametoka saluni gani. Anayekuja kwangu huacha gari mtaa wa pili asionekane akiingia. Asiyeijua tofauti hiyo hafai kushika wasifu wa mnasihi, hata akifanya bure.

Nikamwomba mteja mmoja. Akasema sawa, akaandika sentensi nne nzuri sana. Jina hatukuweka. Kulikuwa na kazi yake, idadi ya watoto wake na mwezi alioanza kuja, vitu ambavyo hata hapa sitavitaja. Kila kimoja peke yake hakina neno. Vikiwekwa pamoja, katika mji ambao watu hukutana kila wiki kwenye harusi na matanga, ni sawa na kubandika picha yake ukutani. Mtu wa upande wa ukweni kwa mteja huyo alikuwa akitafuta mnasihi kwa shida yake mwenyewe. Akafungua wasifu wangu, akasoma, akamjua.

Mteja wangu alikuja siku isiyo yake. Hakuketi. Aliilaza simu juu ya meza yangu akanisomea zile sentensi zake nne, polepole, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Ningekukatalia vipi, wewe uliyenisikiliza wiki zote hizo?" Hakurudi tena, na kazi yetu ilikuwa bado katikati.

Swali hilo lijibu wewe kabla hujamwomba mtu. Mteja anayeendelea kuja kwako anajiona ana deni, kwa hiyo "sawa" yake haina uzito wa ruhusa. Kanuni za maadili za wanasaikolojia wa Marekani zinasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 5.05: usiombe ushuhuda kwa mteja unayeendelea kumhudumia. Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu, afya ya akili ikiwemo, kwenye data nyeti. Yote hayo niliyasoma nilipokwisha kuharibu.

Kila neno kwenye wasifu wako liwe lako. Hata mtu akikusifu mwenyewe kwenye ramani ya Google, usimjibu "asante kwa kuja", maana utakuwa umethibitisha mbele ya watu wote kwamba alikuja.

Pale ulipotaka kuweka ushuhuda, eleza siku ya kwanza ilivyo: kwamba mtakaa dakika 50, kwamba asilotaka kulisema hatalisema, kwamba wanaosubiri hawaonani na wanaotoka. Weka na namba yako ya usajili wa Bodi ya Wanasihi na Wanasaikolojia, watu waweze kuihakiki. Mimi niliandika kwamba ofisi yangu ina mlango wa nyuma wa kutokea, na watu watatu wamenipigia wakianza na kuuliza habari za mlango huo.

Picha ni yoyote, mradi macho yako yaonekane. Na kama ujumbe ulishawafikia hao watatu, waandikie leo hii kwamba umeghairi, kosa ni lako, na hawana haja ya kujibu.