Kazi Kubwa Humficha Mtu: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unasema mwalimu wenu ametaka kila mmoja aandike tafakuri juu ya ule mchezo wa kompyuta mlioutengeneza watu sita, na aeleze kila mwenzake alifanya nini. Unaniuliza: umtaje yule kijana wa sauti, aliyepotea wiki tatu bila kupokea simu akaibuka siku za mwisho kabisa, au umsitiri?

Swali lako nitalifikia. Kwanza niuseme mchezo wenyewe, maana nadhani mambo yaliharibikia huko.

Ulipokuja likizo ya Desemba ulinieleza mpango wenu pale barazani mpaka chai ikapoa. Jahazi litoke Tanga, lipakie karafuu Pemba, lipande Mombasa na Lamu, lirudi kushuka mpaka Kilwa. Kila bandari iwe na soko lake, bei zipande na kushuka, kuwe na dhoruba, kuwe na maharamia, na nahodha awe anazeeka. Nilinyamaza kwa sababu macho yalikuwa yanakung'aa. Lakini unajua ninalolisema siku zote: kazi kubwa humficha mtu. Kazi ikiwa ndogo, asiyekuwepo anajulikana asubuhi ileile. Ikiwa kubwa, kila mmoja anadhani mwenzake yuko upande wa pili anahangaika.

Na wewe ndiye uliyenisimulia wale wanafunzi wa DigiPen, chuo cha kutengeneza michezo ya kompyuta kule Redmond, Marekani, mwaka 2005. Mchezo wao wa Narbacular Drop ulisimama juu ya wazo moja: unafungua tundu ukutani, unafungua jingine kwingine, unaingia huku unatokea kule. Binti mfalme wao hata kuruka hawezi. Wakampa jina la binti asiye na magoti, wakaendelea na kazi. Kampuni ya Valve ikauona, ikawachukua kundi zima, na mwaka 2007 ikatoka Portal, mchezo wa wazo lilelile. Wewe ulikazia hapo pa kuajiriwa. Mimi kilichonibaki kichwani ni magoti. Mtu anayethubutu kumnyima mhusika wake magoti anajua anachokitaka.

Basi nikaikumbuka harusi ya Ngamiani. Unaijua, ila hujawahi kuisikia hadi mwisho kwa sababu baba yako hunikatiza.

Tulikuwa kikundi cha akina mama, tumepewa upishi na ukoo ambao sitautaja. Ilianza kuwa pilau tu. Mara ikawa pilau, na biriani ya meza kuu, na kuku wa kupaka, na maandazi ya asubuhi. Mtu akaongeza kababu. Usiku kazi hazikugawanywa, tuliambiana "tutasaidiana" tukaenda kulala. Alfajiri mwenzetu mmoja hayupo. Waliokuwa kwenye kuku walidhani yuko kwenye mchele, wa mchele wakadhani yuko kwenye kuku. Mimi nilikaanga vitunguu mpaka macho yakavimba, nikapalia makaa juu ya mifuniko, vidole hivi vikababuka. Saa sita mchana bibi huyo anaingia, hina mbichi mikononi, anauliza, "Niwasaidie wapi?" Akapewa kachumbari. Kachumbari, mwanangu! Na wageni walipomaliza kula, kilichosifiwa ni kipi? Mama wa bwana harusi alimwita mbele ya watu akampa doti ya kanga. Sisi wa jikoni tuliulizwa kama masufuria yameshaoshwa.

Hapa ndipo baba yako hukatiza: "Lakini ile kachumbari ilikuwa nzuri." Ilikuwa nzuri. Vitunguu alivifikicha kwa chumvi, akavisuuza, akavikamua mpaka ukali wote ukatoka, ndimu akaitia mwishoni kabisa. Siwezi kulikana hilo. Ila kachumbari haikupalia makaa.

Turudi kwa kijana wenu. Unasema ushahidi upo: Git, ile programu inayotunza kumbukumbu ya kazi yenu, inaonyesha kila mtu aliingiza nini na saa ngapi, na jina lake limelala kimya wiki zote hizo, kisha faili zote za sauti zinaingia usiku mmoja. Ushahidi mzuri, nao ulinipandisha hasira kwa niaba yako. Kisha nikaucheza mchezo wenyewe kwenye kompyuta ya dada yako.

Mmefanya vema kuukata ukabaki wa Tanga na Lamu tu. Ingawa mmelipandisha jahazi Lamu kwa upepo wa kaskazi, tanga limejaa! Babu yako angecheka mpaka akohoe. Kaskazi hushusha, kusi ndiyo hupandisha. Rekebisheni kabla mtu wa pwani hajauona. Lakini zile sauti. Tanga linalegea upepo unapogeuka, foromali, ule mti unaobeba tanga, inagonga mlingoti, halafu mvua inaanzia mbali kule majini inakuja polepole mpaka inafika juu ya sitaha. Nikasema, labda amezipakua tu mtandaoni. Nikarudia kusikiliza. Nyuma ya mvua kuna mzee anaita "Tweka! Tweka!" kwa lafudhi ya kwetu kabisa. Hizo hazikupakuliwa. Na mvua haiagizwi, huyo alikaa ufukweni akaingoja. Git imeandika usiku aliozileta, haikuandika siku alizozirekodi.

Lakini simu je? Mtu anayengoja mvua hawezi kuandika ujumbe mmoja, "nipo, nangoja mvua"? Wenzake mnakesha, jahazi linapita chini ya gati kama samaki na hamjui kosa liko wapi kwenye programu, yeye yuko na vinasa sauti vyake! Hapana, hilo linaniudhi. Ila nikikumbuka tena, mpango wenu wa Desemba ulikuwa na bandari tano na maharamia. Nani angejua nani yuko bandari gani? Kazi kubwa humficha mtu, na wakati mwingine humficha hata anayefanya kazi.

Sitakuamulia. Nimeshikilia kalamu muda mrefu hapa nisiandike neno, na neno ninalo. Andika tu kwanza habari ya kukata: nani alisema tukate, lini, nani alinuna, na baada ya kukata nani alikuwa anafanya nini. Huo si uamuzi, ni ushauri wa mama. Ukifika kwa kijana huyo, andika wiki tatu kama zilivyo, na andika mvua kama ilivyo. Nimeshaanza kuamua. Basi, naacha.

Kitu kimoja tu. Barua yako ina kurasa nne. Umeandika alivyokosekana kikaoni, alivyoongezewa maksi, alivyopigiwa makofi siku ya kuonyesha kazi. Sijaona mahali ulipoandika kwamba kuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Mimi yule wa kachumbari sikumuuliza, na mpaka leo sitaki kujua. Lakini mimi sikutakiwa kuandika tafakuri.

Dada yako anakusalimu. Anasema amekwama kwenye mkondo karibu na Lamu na hataki kusaidiwa.

Mama yako