Ukijenga programu huria ya mikutano ya video, anza na sauti

Toleo la kwanza hutoka haraka, na hapo ndipo wengi hudanganyika. WebRTC, teknolojia ya kupitisha sauti na video moja kwa moja kati ya vivinjari ambayo Google iliiachia huria mwaka 2011, tayari imo ndani ya vivinjari vyote vikubwa, kwa hiyo watu wawili wataonana kwa msimbo mfupi tu. Sasa ongeza wa tatu, wa nne, wa kumi. Kila kifaa kikimtumia kila mwenzake video moja kwa moja, watu kumi wanazalisha mitiririko 90, na simu inachemka kabla salamu hazijaisha. Ndiyo maana miradi kama Jitsi huweka seva katikati mkutano unapokua: kila mtu anatuma kwa seva, seva inagawa.

Seva hiyo ndiyo inayoumiza. Msimbo ni bure, data haipiti bure. Tena wapo watumiaji walio nyuma ya mitandao ya ofisi iliyofungwa kabisa. Hao utawahitajia seva ya TURN, yaani seva ya kupokezana, ibebe sauti na picha zao zote. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa bili, wala si kwa kukosa wataalamu. Amua mapema nani atalipa, na andika maelekezo yatakayomwezesha mgeni kusimika seva yake mwenyewe bila kukuuliza.

Nguvu zako nyingine zote zipeleke kwenye sauti. Mtu huvumilia picha iliyoganda. Sauti ikikatakata, anaondoka. Opus, kodeki huria (njia ya kubana sauti ili isafiri kwa data kidogo) iliyosanifishwa mwaka 2012, itakubeba sana, maana inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Kazi ngumu ni mwangwi. Programu lazima itambue sauti iliyotoka kwenye spika na kuiondoa katika ile inayoingia kwenye maikrofoni, na kila simu ina ucheleweshaji wake. Mimi hujaribu kila toleo kwa simu ya zamani, spika ikiwa wazi, mtandao nikiuvuruga kwa makusudi hadi pakiti moja ya data kati ya kumi ipotee. Kisha nasoma tarakimu kwa sauti, na aliye upande wa pili anaziandika. Akikosea, toleo halitoki, hata kama kwenye kompyuta yangu linapendeza namna gani.

Kuficha mandhari ya nyuma na vikorombwezo vingine viache kwanza. Anayevitaka sana ataleta msimbo wake, nawe utaupitia.