Haina amonia, mbona inawasha?

SWALI: Nimepaka rangi nyeusi ya nywele iliyoandikwa "haina amonia". Kichwa kiliwasha hadi masikio yakavimba. Tatizo nini?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Pole sana. Usiirudie rangi hiyo, hata kwa kuijaribu. Uvimbe ukifika machoni au pumzi ikibana, wahi hospitali.

Amonia kazi yake ni kufungua magamba ya unywele ili rangi iingie. Ikiondolewa, mara nyingi huwekwa ethanolamini, isiyo na harufu kali. Basi, tofauti ni hiyo tu. Mshukiwa mkubwa ni PPD, kiini cha rangi nyingi nyeusi, piko ikiwemo. Kwenye boksi huandikwa p-phenylenediamine, tena kwa herufi za kutafutia miwani. Tazama pia toluene-2,5-diamine: ni ndugu yake, na aliyedhuriwa na mmoja anaweza kudhuriwa na mwingine.

Hina halisi haina PPD, ila hutoa wekundu wa kahawia, si weusi. "Hina nyeusi" inayokolea kwa dakika chache iachie muuzaji. Hata ile halisi, ijaribu kwanza: koroga kijiko kimoja kwa maji vuguvugu, paka kidogo ndani ya kiwiko, ikikauka osha, kisha subiri saa 48 uone kama itawasha.