Besi wa Kiotani Anauma, Ila Hana Njaa

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Wiki tatu zilizopita alikuwa akitoa besi wanene, wale samaki wawindaji wa maji matamu, kwenye ghuba ileile ya ziwa, kwa mnyoo uleule wa plastiki. Sasa maji yametulia, samaki anawaona kwa macho juu ya changarawe, lakini hawafukuzi kitu. Akiangusha chambo karibu nao, mmoja anasogea, anakibana kwa ncha ya midomo, anakipeleka pembeni na kukitema. Anauliza atumie rangi gani.

Rangi haina kosa, ndugu yangu. Huyo samaki hakuwa anakula, alikuwa anafagia nyumba. Ni dume juu ya kiota, na asiyejua kumtofautisha besi anayekula na besi anayelinda atabadilisha chambo hadi kisanduku kiishe.

Acha kalenda, shika kipimajoto. Kifunge kwenye kamba yenye chubwi, kizamishe hadi kina cha mita moja, kiache dakika 3, kisha kivute haraka ukisome kabla hakijashika joto la hewa. Pima asubuhi na alasiri, siku tatu mfululizo, mahali palepale. Wengi hupima maji ya juu saa tisa alasiri, jua likiwa limepasha sentimita chache tu huku chini bado baridi, wakadhani msimu umefika.

Maji yakipita nyuzi 10 za Selsiasi, besi mdomo mkubwa huanza kutoka vilindini na kusogelea maji ya kina kifupi. Kati ya 13 na 16 hula kwa pupa, hasa majike, ambao matumbo yao yamejaa mayai. Hao ndio wanene uliokuwa ukiwapata. Ikifika 16 hivi madume huanza kuchimba, na utagaji mwingi hufanyika kati ya 17 na 21. Besi mdomo mdogo hutangulia kidogo, hata kwenye nyuzi 14 au 15. Ukitaka kuwatenganisha, tazama taya: la mdomo mkubwa hupita nyuma ya jicho, la mdomo mdogo halifiki huko.

Kiota hujengwa na dume peke yake. Hujiinamisha ubavu na kupiga mkia hadi matope yapeperuke, na changarawe, mchanga mgumu au mizizi ibaki wazi. Kinatokea kama sahani ya duara yenye rangi nyepesi kuliko sakafu inayoizunguka, upana wake karibu mara mbili ya urefu wa mwenyewe, kwa kawaida kwenye kina cha nusu mita hadi mita moja na nusu. Maji yakiwa angavu sana huchimba chini zaidi. Hupenda mahali palipokingwa na upepo, ubavuni mwa gogo au jiwe, maana upande wenye ukuta hauhitaji mlinzi. Vaa miwani ya kukata mng'ao umtazame mkia: ncha ya chini imechubuka, wakati mwingine ina damu. Samaki mwenye mkia wa namna hiyo yuko kazini.

Jike huja na kutaga kwa mafungu, maelfu ya mayai kwa kila kilo ya uzito wake, pengine kwenye viota vya madume zaidi ya mmoja, kisha huondoka. Ulezi wote humwangukia dume. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5, haraka zaidi maji yakiwa ya joto. Vifaranga hukaa chini ya kiota kwa siku kadhaa wakiishi kwa kiini cha yai, kisha huinuka wakiwa kundi zito kama moshi mweusi majini. Dume huwafuata na kuwalinda kwa wiki nyingine kadhaa. Muda huo wote hula kidogo mno. Anachogusa hukigusa kwa sababu kimeingia kwake.

Mambo yanayoharibu kiota ni machache, lakini ni mazito. Baridi ya ghafla inayoshusha joto kwa nyuzi kadhaa humfanya dume aondoke, mayai yakashikwa na ukungu. Maji ya bwawa yakipungua nusu mita, viota vya kingoni hubaki nchi kavu. Mvua ikileta tope, mayai hukosa hewa. Na kuna sisi wenye ndoana. Dume akitolewa, samaki wadogo bapa waitwao blugili, ambao muda wote wanazunguka pembeni wakisubiri, huingia na kuanza kula ndani ya dakika chache. Kadiri unavyomshikilia nje ya maji, au ukimwachilia mbali na pale ulipomtoa, ndivyo uwezekano wa yeye kukitelekeza kiota unavyoongezeka. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: ukimwona juu ya sahani yake, mwache. Ukimnasa kwa bahati mbaya, mfungue akiwa majini, mahali palepale, bila picha.

Watu husema mayai ni maelfu, mmoja hana hasara. Lakini wengi mno hufa hata pasipo mkono wetu, na anayepona ni yule aliyewahi kuanza. Kifaranga huanza kwa planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, akapanda kwenye wadudu wa majini, na akifika sentimita 5 hivi huanza kula samaki. Aliyetagwa mapema hufika hapo wakati watoto wa samaki wengine bado wadogo wa kumezeka, akanenepa upesi. Aliyechelewa hukuta mawindo yamemzidi mdomo, hubaki na wadudu, na baridi ijayo humkuta hana mafuta. Ndiyo maana besi wa mwaka mmoja ziwa moja wanaweza kuwa wa sentimita 10 na wa sentimita 20. Viota vya mwanzo wa msimu ndivyo vyenye thamani kubwa, na ndivyo tunavyovivamia kwanza.

Wengi hupevuka wakifikia sentimita 25 hadi 30, na majike hukua kuliko madume. Ukishika besi wa kilo 3, karibu hakika ni jike. Rekodi ya dunia ya mdomo mkubwa, samaki wa kilo 10 na ushei, iliwekwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na ikafikiwa tena kwenye Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009.

Sasa mdomo. Besi haumi kama mbwa. Hufungua kinywa kwa kishindo, maji yanavutwa ndani na windo linakwenda nayo. Pitisha kidole gumba kwenye taya lake: vijino ni vidogo na vikali kama msasa, vya kushikilia, si vya kukata. Ndiyo maana kwenye mnyoo wa plastiki unasikia "tk" moja tu, kisha mshipi unaanza kutambaa upande. Kunja mshipi uliolegea, kaza mara moja, usingoje mvuto wa pili. Ukichelewa, atatema au ndoana itashuka kooni. Ikishuka, kata mshipi karibu na ndoana, usichimbue.

Nje ya kazi ya kiota, akiwa na njaa hasa, kati ya nyuzi 18 na 27, hujificha kwenye kivuli na ukingo wa majani, akavizia alfajiri na jioni. Hula samaki, kamba wa maji matamu, vyura, chochote kinachoingia kinywani. Chini ya nyuzi 10 mmeng'enyo huwa wa polepole mno, na mlo mmoja humtosha kwa siku nyingi.

Basi, ndugu msomaji, una njia mbili wiki hii. Ziwa halipashwi joto kwa pamoja. Nenda upande wenye kilindi, unaopigwa na upepo au unaoingiza mto wa baridi, kapime. Ukikuta nyuzi 14 au 15, huko mdomo mkubwa bado hawajataga na wanakula. La sivyo, toka ghubani hadi mteremko wa kwanza, mita 2.5 hadi 4, ambako majike waliomaliza wanapumzika karibu na magogo. Tumia chubwi nyepesi, gramu 5 hivi, acha mnyoo ulale sakafuni hadi uhesabu kumi, kisha uburute kidogo.

Lile kundi jeusi la vifaranga lifuatilie kwa mbali. Wakifika sentimita 2 au 3 husambaratika, na dume hutoka akiwa amekonda, na njaa ya wiki nyingi. Hapo rudi ghubani na mnyoo wako uleule, rangi ileile.