Uliza Muvi: Steringi kamfuata dada mpaka mkoa mwingine, mbona wachambuzi wamenuna?

SWALI: Dada wa Uliza Muvi shikamoo. Mimi napakia dagaa hapa mwaloni Kirumba, jioni tukimaliza kazi tunaingiaga banda la video, juzi wametuwekea muvi inaitwa Management, jamaa ni meneja wa usiku kwenye gesti ya wazazi wake, anakuja mgeni dada mmoja mkali sana, Jennifer Aniston, basi jamaa anambebea chupa ya mvinyo mpaka chumbani anasema eti ni zawadi ya uongozi, kuanzia hapo hamwachi, anakata tiketi ya ndege ya kwenda tu bila kurudi anamfuata mpaka kwao, tulicheka mpaka mwenye banda akaja kuchungulia kuna nini. Sasa mdogo wangu anayesoma chuo anasema wachambuzi kule Marekani waliiponda, eti inafundisha usumbufu. Kweli? Mimi naona jamaa alipenda kweli. Halafu dada kuna binti alikuwa anauza chai hapa mwaloni, kahamia Bukoba, simu zangu hapokei, nawaza nipande meli nikamsapraizi. Unanishauri vipi?
Mpakia dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naona umekuja na swali la muvi na lingine umelificha chini ya gunia, haya twende na yote mawili.

Mdogo wako kapatia nusu. Management ilioneshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2008, ikaingia kwenye majumba ya sinema Marekani Mei 2009, aliyeiandika na kuiongoza ni Stephen Belber. Wachambuzi hawakuiponda wote, waligawanyika. Walioipenda walimpenda Steve Zahn, yule jamaa mwenyewe, maana ana sura ya mtoto aliyeachwa stendi, hata akikosea unamhurumia. Walionuna walisema hebu mtoe Zahn muweke mtu mwenye macho makali, badilisha na muziki, uone kama hujaikimbia. Anagonga mlango usiku, kesho usiku anagonga tena, anasafiri kutoka jimbo la Arizona mpaka jimbo la Maryland bila kualikwa, dada akihamia kwa mwanamume mwingine, yule tajiri wa mtindi aliyechezwa na Woody Harrelson, jamaa anaruka na parachuti anatua kwenye bwawa la kuogelea la mwenye nyumba! Mlicheka hapo, najua, hata mimi nilicheka.

Ila angalia kamera imekaa wapi. Muda mwingi iko kwa jamaa, unaona upweke wake pale kaunta, unaona mama yake mgonjwa, unajua kabisa hana ubaya. Dada wa watu hajui lolote kati ya hayo, yeye anachoona ni mlango unagongwa.

Mimi nilishawahi kuwa huyo dada. Nilikuwa nafanya kazi ofisi moja Nyakato, kuna kaka kila Jumamosi ananiletea sato, mbichi kabisa, kafungwa kwenye gazeti halafu kwenye mfuko mweusi, anamweka juu ya meza yangu kwenye makaratasi, maji yanachuruzika. Nikamwambia kaka asante ila usilete tena. Jumamosi ijayo kaleta wawili. Ofisi nzima inacheka, wenzangu wananiambia mpe nafasi bwana mtu anajitahidi, na mimi nacheka nao, ningefanyaje sasa, ila mwezi wa pili nikawa natoka kwa mlango wa nyuma na daladala naenda kupandia kituo cha mbali. Angekuwa mtu ametengeneza muvi ya yule kaka, banda lenu lingempigia makofi. (Wale sato nilikula, sitakudanganya.)

Halafu kuna kitu mdogo wako atakipenda. Mwaka 2015 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Julia Lippman, alichapisha utafiti, aliwaonesha wanawake filamu za aina tatu, kuna waliooneshwa mwanamume anafuatilia mwanamke ikawa tishio, kuna waliooneshwa za kufuatilia kwa kuchekesha, na wengine wakaoneshwa za ndege tu wakiwemo pengwini. Kwenye lile kundi la kuchekesha hiyo Management yako ilikuwemo! Baadaye akawauliza wanaonaje habari ya kufuatwafuatwa. Waliotazama zile za kutisha hawakuwa wepesi kuona ni jambo la kawaida, ila waliotazama za kuchekesha zikawakolea na kuziona kama maisha ya kweli, hao ndo walikuwa wepesi kukubali kwamba mtu akifuata sana basi ni mapenzi. Kwahiyo wachambuzi walionuna hawakuwa wanatafuta makosa tu.

Sasa Bukoba. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na asiyepokea simu huyo ndo kishakwambia toka kwa lugha ya siku hizi. Fikiria basi umepanda meli jioni hapo bandarini, umelala na mizigo, asubuhi unashuka Bukoba unaulizia wauza chai. Unamkuta kashika birika la moto, wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri, hawezi kukimbia, hawezi kupiga kelele, watu wote wanamtazama yeye na wewe. Wewe unaona sapraizi, yeye yuko kwenye mtego, atatabasamu hivyohivyo na wewe utarudi Kirumba kusimulia kwamba alifurahi. Mtumie meseji moja, moja tu, mwambie umemkumbuka, akijibu ujibu, akinyamaza nauli ya meli iweke kwenye magunia. Na ukimwandama kwa maneno mpaka kero, ujue kuna sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA ya mwaka 1998, ilishaingiza kosa la unyanyasaji wa kijinsia hata wa maneno, na polisi kuna dawati la jinsia, ni juu yako.

SWALI: Anti, je mwanamke akimfukuzia mwanamume? Mbona hatuoni muvi hizo?
Mama Junior, Nyegezi

JIBU: Zipo mama, ila angalia zilivyopokelewa. Tuanze na ya wanaume tulinganishe: mwaka 1998 ilitoka There's Something About Mary, wanaume kibao wanamfukuzia dada mmoja, Ben Stiller mpaka kaajiri mpelelezi wa kumtafuta, ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani na ikapendekezwa kwenye Golden Globe. Mwaka 2009 ikaja All About Steve, naye ni Mary, Sandra Bullock, mtunzi wa mafumbo ya gazetini mwenye mabuti mekundu, anamfuata mpiga picha wa televisheni jimbo kwa jimbo, na hapo wachambuzi wakasema huyu mwanamke kachanganyikiwa. Kusema kweli yenyewe nayo vichekesho vyake ni vya kulazimisha, ila yule Ben Stiller mbona hakuitwa kachanganyikiwa?

Bullock alipewa Razzie, tuzo ya waigizaji wabovu, Machi 2010, na akaenda mwenyewe kuichukua akivuta kigari kimejaa DVD za muvi hiyohiyo akawagawia ukumbi mzima wakaitazame vizuri. Kesho yake akachukua Oscar, kwa muvi nyingine.