Usiikimbilie sala ya Nakuungamia

Tumsifu Yesu Kristo!

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wazima ninaowaandaa kwa kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, ni hili: "Nimeomba msamaha, mbona moyo bado mzito?" Wanaouliza si watu wasiosali. Wengi wao rozari haiwatoki mkononi na jumuiya hawakosi. Nikiwasikiliza vizuri, naona wamekuwa wakimwomba Mungu awasamehe "dhambi zangu zote" mwaka hadi mwaka, na hakuna hata moja waliyoitaja kwa jina lake. Ninachowaambia ndicho ninachokuambia wewe pia: mtajie Mungu jambo lenyewe.

Anzia pale Misa inapoanzia. Padre akishatualika kuzikumbuka dhambi zetu, panakuwa na kimya kidogo kabla ya Nakuungamia, sala ya kukiri makosa tunayoisali pamoja. Ni kifupi mno kwa mtu aliyeingia kanisani akihema, anatafuta pa kukaa na watoto. Ndiyo maana nasisitiza kufika mapema, ukae, uzime simu, uanze kuisali sala hiyo polepole peke yako kabla wenzako hawajaisali kwa sauti. Imekwisha kukupangia kazi: mawazo, maneno, vitendo, kutotimiza wajibu. Simama kwenye kila neno mpaka likuonyeshe kitu cha wiki hii, si cha maisha yako yote.

Hayo matatu ya mwanzo watu huyaona upesi. La nne hupita bila kuguswa, na kwa maoni yangu ndiko uzito mwingi umejificha. Mtu anasema hana la kuungama kwa kuwa haibi wala halewi, na mama yake mzazi yuko kijijini hajapigiwa simu tangu Pasaka. Mwingine alijua fedha za kikoba zinachotwa, akanyamaza asije akaonekana mchonganishi, na waliopoteza akiba ni wajane. Hawa hawakutenda kitu, na hapo hasa ndipo walipokosea. Siku mtu anapolitamka hilo mbele ya Mungu, mara nyingi machozi humtoka kabla hajamaliza sentensi.

Usianze na makosa, lakini. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika mazoezi ya kiroho yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548, aliweka shukrani kwanza kabisa katika kuitafiti dhamiri. Baada ya shukrani unaomba mwanga wa kuziona dhambi zako, ndipo unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, unaazimia kujirekebisha na kumalizia kwa Baba Yetu. Nimeona tofauti kubwa kwa wanaofuata mpangilio huo. Anayeanza kwa kushukuru anakuwa amekwisha kumwona Baba aliyemlisha na kumlinda mchana kutwa, kwa hiyo anaungama akiwa karibu naye. Anayeanza na makosa huishia kujitazama mwenyewe tu, akate tamaa au ajitetee.

Ile Sala ya Kutubu tuliyofundishwa utotoni inasema hivyo hivyo. Tunajuta "kwani ndiwe mwema". Daudi naye, baada ya nabii Natani kumwendea kwa habari ya mke wa Uria, hakulilia kiti chake cha enzi. Zaburi ya 51 inamwonyesha akiomba, "Usinitenge na uso wako." Alichokiogopa kuliko vyote ni kumkosa Mungu. Ukienda kuabudu Ekaristi Takatifu, ukapiga magoti mbele ya Tabernakulo, pale Ekaristi inapohifadhiwa kanisani, na usihisi chochote, baki hapo hapo na maneno hayo ya Daudi. Mungu yupo hata ukiwa na usingizi, hata mawazo yakikimbilia ada za shule. Uwepo wake haupimwi kwa machozi wala kwa msisimko, na ninasikitika sana ninapoona watu wanahama kutoka kanisa hadi kanisa wakiutafuta msisimko huo.

Dhambi nzito ipeleke kwenye kitubio. Najua wengi hukwama hapo kwa aibu, hasa padre akiwa anakufahamu na kesho mtakutana sokoni. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, na padre anayeivunja waziwazi hutengwa na Kanisa. Ukiona bado huwezi kuungama kwake, nenda parokia ya jirani, si kosa. Papa Fransisko, katika sala yake ya kwanza ya Malaika wa Bwana tarehe 17 Machi 2013, alisema Mungu hachoki kutusamehe, sisi ndio tunaochoka kumwomba msamaha.

Padre akishakuondolea dhambi, dhambi hiyo usiifukue. Kuiungama upya kila mwezi, kana kwamba Mungu hakusikia vizuri, ni mateso ambayo hakukuagiza. Kama wasiwasi haukuachi, mwambie padre habari za wasiwasi wenyewe, naye atakushauri.

Kuna jambo moja ambalo sala haifanyi kwa niaba yako. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Fedha ya mtu irudi, hata kwa awamu. Uliyemchafulia jina, nenda kwa wale wale uliowaambia, ukanushe. Mama asiyepigiwa simu apigiwe leo jioni.

Na kama umekaa miaka mingi bila kuungama na maneno ya kuanzia umeyasahau, mwambie padre hivyo hivyo tangu mwanzo. Atakuongoza hatua kwa hatua. Nenda siku za kawaida, umuulize katekista wako saa za kitubio, usisubiri foleni ya Juma Kuu ambapo wewe una haraka na padre amechoka.